Historia Iliyo Chini ya Migomba Yetu



Kila mwaka katika kijitabu hiki tumezoea kuwaeleza habari za madawati, zahanati, mabomba ya maji na ada za watoto yatima. Mwaka huu habari hizo zipo pia, na makisio yake yako kwenye kurasa za nyuma kama kawaida. Ila tumeomba kurasa chache kwa jambo ambalo halijawahi kuingia katika harambee yetu, nalo ni historia ya kale ya nchi yetu: ile ya kabla ya maandishi, kabla ya Wajerumani, na kabla ya majina ya koo tunayoyatumia leo.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Miaka michache iliyopita chama chetu kilichangia ujenzi wa vyoo katika shule moja ya kwetu. Mafundi walipochimba shimo, wakiwa wameshafika chini kuliko kimo cha mtu, walikuta vigae vya vyungu, vipande vya mkaa na jiwe la kusagia lililolika katikati kwa kutumika miaka mingi. Baadhi yetu wa kamati tulikuwapo siku hiyo kukagua kazi. Tuliyashika yale mawe, tukashangaa, tukacheka kwamba bibi zetu walikuwa na nguvu, kisha tukarudi kwenye hesabu za saruji. Mwalimu mmoja aliyaweka kabatini. Ofisi ilipokarabatiwa, kabati lilitolewa nje na vilivyokuwamo vikaenda na kifusi.

Tulipokuja kuuliza, hapakuwa na wa kujibu. Hakuna aliyepiga picha wala aliyeandika kina cha shimo. Hakuna aliyekumbuka kama vigae vilikuwa juu au chini ya ule mchanga mwepesi wa rangi ya kahawia. Leo tunajua kwamba swali hilo la mwisho ndilo lingetuambia mengi kuliko yote. Hatumlaumu mwalimu wala fundi. Sisi ndio tuliokuwa na fedha, kalamu na simu mkononi, na sisi ndio tuliokaa kimya.

Waliosema na wasiokaa kimya

Ukisoma habari za maeneo ya kale duniani, utaona kwamba mengi hayakugunduliwa na maprofesa. Yaligunduliwa na watu wa kawaida waliokuwa kwenye shughuli zao, na yakaokoka kwa sababu mtu mmoja alikwenda kumwambia mwingine.

Septemba 1940, nchini Ufaransa, vijana wanne waliingia katika pango la Lascaux wakakuta kuta zimejaa picha za ng'ombe, farasi na paa. Walikwenda kumwambia mwalimu wao, na mwalimu hakuwapuuza. Picha zile zina umri wa miaka ipatayo 17,000.

Mwaka 1976 huko El Salvador, Amerika ya Kati, katapila lilikuwa likisawazisha kilima ili yajengwe maghala ya nafaka. Likagonga ukuta wa nyumba. Watu waliona ni nyumba ya juzijuzi tu, kazi ikaendelea na nyumba kadhaa zikabomolewa. Miaka miwili baadaye mtaalamu Payson Sheets alifika, akapeleka mabaki ya nyasi za paa yakapimwe umri, akaambiwa ni ya zaidi ya miaka elfu moja. Kijiji hicho, Joya de Cerén, kilifunikwa na majivu ya volkano karibu mwaka 600. Wakazi walikimbia, lakini vyungu, maharage, mashamba ya mahindi na hata shamba la mihogo vilibaki chini ya majivu kama vilivyoachwa siku ile. Tangu 1993 kijiji hicho kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Si jumba la mfalme. Ni kijiji cha wakulima kama sisi.

Na hapa nyumbani Tanzania, kila mwanachama aliyewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam kuja Tukuyu amepita karibu na Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, pengine akiwa amelala. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini aliokota mawe yaliyochongwa katika korongo lile na kuyapeleka kwa wanaojua. Miaka ya 1957 na 1958 Clark Howell na wenzake walifanya uchimbaji wa kitaalamu. Walikuta mashoka ya mkono kwa wingi, mengine makubwa kiasi kwamba unajiuliza yalishikwaje. Umri wake hukadiriwa kufika miaka 260,000.

Pango, katapila na korongo ni mambo matatu tofauti, ila kilichoyaokoa ni kimoja: mtu alisema, na aliyeambiwa akasikiliza. Pale shuleni kwetu hatukufanya lolote kati ya hayo.

Kalenda iliyo ardhini mwetu

Sasa tuje kwetu. Sote tunajua kwamba udongo wetu unastawisha migomba, chai, kahawa, viazi na maparachichi, na kwamba rutuba hiyo ni zawadi ya milima. Ambacho wengi hatujafikiri ni kwamba milima hiyohiyo imetuandikia kalenda.

Mkate ukingo wowote wa barabara kuelekea Mbeya, au shimo la kifusi, mtaona matabaka: udongo mweusi, kisha tabaka la vijiwe vyepesi, kisha udongo tena. Vile vijiwe vyepesi, ambavyo ukivitupa majini vinaelea na bibi zetu hutumia kusugulia visigino, ni povu la volkano lililoganda. Karen Fontijn na wenzake kutoka Ubelgiji, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, waliyafuata matabaka hayo kutoka korongo hadi korongo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010 na miaka iliyofuata. Walionyesha kwamba karibu miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa sana, ukarusha vijiwe na majivu yaliyofunika nchi yote hii. Ngozi nayo, mahali penye ziwa zuri tunalopeleka wageni, imelipuka zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ni ndani ya miaka elfu moja iliyopita. Kiejo ulitiririsha lava karibu mwaka 1800, jambo ambalo wazee walilihifadhi kwa simulizi hadi wanajiolojia walipokuja kuuliza. Daraja la Mungu pale Kiwira ni kazi ya lava vilevile.

Maana yake kwa historia ni hii. Tabaka la vijiwe vya miaka 4,000 ni kama ukurasa wenye tarehe. Kigae au jiwe lililochongwa likikutwa chini ya tabaka hilo, nalo halijavurugwa na shimo la baadaye wala maporomoko, basi aliyelitumia aliishi kabla ya mlipuko. Likikutwa juu yake, aliishi baadaye. Kipande cha mkaa kikiwa pembeni, maabara inaweza kupima kaboni yake na kutaja umri kwa miaka, hadi kufikia takribani miaka 50,000 nyuma. Ndiyo sababu tunajuta kutouliza kuhusu ule mchanga mwepesi. Sehemu nyingi duniani hazina kalenda ya namna hii, nasi tunayo hadi kwenye mashimo ya vyoo.

Kuna kalenda nyingine majini. Miaka ya 1990 watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa Masoko, lile la Kisiba, wakatoa nguzo ya tope yenye urefu wa zaidi ya mita 30. Ndani yake mna chavua za mimea ya kale na mistari ya majivu ya milipuko mmoja baada ya mwingine, kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000 ya mvua na ukame. Sisi tumezoea kulisema ziwa hilo kwa habari za boma la Wajerumani na fedha zinazosemekana kutupwa humo. Kumbe hazina yake iliyothibitishwa ni tope.

Majirani wamekuta nini

Mtu anaweza kuuliza: je, kweli palikuwa na watu huku zamani hizo? Tuwaangalie majirani, kwa kuwa binadamu wa kale hawakujua mpaka wa Songwe.

Ng'ambo ya mto, kwa ndugu zetu Wangonde wa Karonga ambao tunasikilizana lugha, mwaka 1991 watafiti wa Friedemann Schrenk na Timothy Bromage walipata mahali paitwapo Uraha taya la kiumbe wa jamii ya binadamu lenye umri wa takribani miaka milioni 2.4. Ni miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya jamii yetu kupatikana popote. Mwaka 2021 Jessica Thompson na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba miaka ipatayo 85,000 iliyopita watu wa eneo hilo la Karonga walikuwa wakichoma mapori kiasi cha kubadilisha sura ya nchi.

Upande wa magharibi, kwenye bonde la Songwe na pembezoni mwa ziwa Rukwa, Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alifanya utafiti miaka ya 1990 na kukuta zana za Enzi ya Mawe ya Kati na ya Mwisho. Mbele zaidi, kwenye maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Tanzania na Zambia, zilipatikana gogo mbili zilizochongwa na kupachikwa moja juu ya nyingine. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalizipa umri wa miaka 476,000. Hakuna kazi ya mbao ya kuunganisha iliyowahi kupatikana duniani yenye umri mkubwa kuliko hiyo, na iliokoka kwa sababu ilizama kwenye udongo uliolowa daima.

Kaskazini Isimila, kusini Karonga, magharibi Songwe na Kalambo: sisi tuko katikati. Hatudai kwamba Rungwe ilikuwa kitovu cha dunia. Tunasema tu kwamba nchi yenye maji, matunda na mawinda kama hii haikukosa watu wakati majirani wote wanao.

Kwa nini kwetu havionekani

Ipo sababu ya wazi. Kule Karonga tope la ziwa la kale limebaki wazi juu ya ardhi, mvua ikilikwangua mifupa inajitokeza. Kwetu milima imefunika kila kitu. Pia Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wenye unyevu na uchachu wa namna hii huyeyusha mifupa.

Halafu kuna ustadi wa wazee wetu. Joseph Thomson alipopita nchi hii mwaka 1879 alisifu mno usafi wa vijiji na nyumba zilizojengwa vizuri kwa mianzi, zikizungukwa na migomba. Nyumba ya mianzi ni nzuri, ina hewa na inapendeza, ila ikiachwa miaka michache inarudi kuwa udongo. Waliojenga kwa mawe, kama watu wa Kilwa au Zimbabwe Kuu, wameacha kuta zinazopigwa picha na watalii. Watu wa mianzi na migomba huacha vitu vidogo: kigae, jiwe la kusagia, mkaa wa jikoni, mavi ya chuma, alama za nguzo udongoni.

Hata mgomba wenyewe huacha ushahidi. Majani yake yana chembe ngumu ndogo sana, zisizoonekana kwa macho, ambazo hubaki udongoni baada ya jani kuoza. Huko Nkang, Kameruni, chembe hizo zilikutwa katika mashimo ya taka ya miaka ipatayo 2,500 iliyopita. Sisi tunaojivunia mbalaga hatujaulizwa swali hilo katika udongo wetu: mgomba wa kwanza ulipandwa lini Rungwe? Jibu limo ardhini, si kwenye makabrasha ya Ulaya.

Chuma, vyungu na msitu wa Lubaga

Wazee wametuambia daima kwamba majembe ya chuma yalitoka Ukinga, juu ya safu ya Livingstone, na vyungu vilitoka kwa Wakisi wa pwani ya ziwa Nyasa, ambao hadi leo vyungu vyao vinauzwa sokoni Tukuyu. Simulizi za Lwembe, aliyetoka Ukinga, zinamhusisha na kuja kwa moto, chuma na ng'ombe, na Monica Wilson aliyeandika sana habari zetu alizikuta bado zikiwa hai miaka ya 1930. Akiolojia inaweza kukaa pamoja na simulizi hizo bila kugombana nazo: mavi ya chuma yana umri unaoweza kupimwa, na udongo wa chungu unaweza kuonyesha ulichimbwa wapi.

Hapa lazima tuseme jambo moja waziwazi, kwa sababu baadhi ya wazee walituuliza kwenye kikao kwa uchungu. Je, tunataka watu waje kuchimba Lubaga? Hapana. Msitu wa Lubaga na misitu mingine ya matambiko si shimo la utafiti. Ina wenyewe, na kuhifadhi mahali kunaweza kuwa kutopagusa kabisa. Mzee mmoja alisema kwamba msitu usiokatwa kwa vizazi vingi tayari ni makumbusho, na mlinzi wake ni heshima. Kamati ililipokea neno hilo, na limo katika kumbukumbu za kikao.

Kinachopotea sasa

Kinachotutia hofu ni mahali pengine, mahali pa kawaida. Ni mashimo ya wafyatua matofali, machimbo ya mchanga na vijiwe vyepesi vya kutengenezea tofali, barabara mpya, misingi ya nyumba zetu za likizo. Kazi hizo ni riziki za watu na hatuzipingi, kwa maana sisi wenyewe ndio wateja wakubwa. Lakini kila siku koleo linafungua kurasa za kalenda ile na kuzisaga kabla hazijasomwa. Shamba likilimwa vibaya mwaka huu laweza kurudishiwa rutuba mwaka ujao. Tabaka likishachimbwa halirudi.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kutafuta vitu hivyo unahitaji kibali. Kwa hiyo hatuwaombi vijana wachukue majembe wakatafute hazina. Tunawaomba wafanye mambo machache pale kazi ya kawaida inapofukua kitu:

Simamisha kazi pale palipo na kitu, endelea pengine.
Usikioshe wala usikigawe vipande.
Piga picha kikiwa bado mahali pake, pamoja na ukuta wa shimo ili matabaka yaonekane.
Pima kina kwa kamba au mpini wa jembe, uandike tarehe na jina la mahali.
Toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, naye apeleke kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, ambaye atawasiliana na Idara ya Mambo ya Kale.

Laiti tungeyajua hayo matano siku ile ya vyoo.

Tunachowaomba

Wangonde wana jumba la makumbusho pale Karonga tangu mwaka 2004. Watoto wa shule wanaingia, wanaona mifupa na zana za nchi yao, wanatoka wakijua kwamba historia haikuanza na mzungu wa kwanza kuvuka ziwa. Watoto wetu wa Rungwe na Busokelo wanasoma Olduvai na Isimila kwenye vitabu, wanajibu mtihani, na wanarudi nyumbani wakikanyaga tabaka la miaka 4,000 bila kulijua.

Hatuombi fedha za jumba. Kamati imependekeza mambo matatu ya kiasi chetu. La kwanza ni chumba kimoja chenye rafu, kufuli na daftari la kuandikishia vitu, ndani ya jengo lililopo tayari, chini ya usimamizi wa ofisi ya utamaduni. La pili ni mafunzo ya siku moja kwa wafyatua matofali, madereva wa makatapila na walimu wa historia, yakiongozwa na mtaalamu kutoka Idara au kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako akiolojia inafundishwa tangu mwaka 1985. La tatu ni kurekodi sauti za wazee kuhusu mahame, njia za kwenda Ukinga na mahali palipofuliwa chuma, wakiwa bado nasi. Gharama ya kila moja imeandikwa kwenye ukurasa wa makisio.

Tunajua kuna wanachama watakaosema zahanati kwanza. Wana haki, na zahanati ndiyo iliyo juu ya orodha. Tunaomba tu kwamba yeyote atakayechangia saruji mwaka huu aulize pia mafundi wanaochimba msingi wamekuta nini. Swali hilo halina gharama, nasi tumeshaona hasara ya kutoliuliza.

Na wewe uliye Dar es Salaam, Mbeya, Lusaka au ng'ambo, kama nyumbani kwenu kuna jiwe la ajabu linalozuia mlango, au chungu ambacho hakuna anayekumbuka kilitoka wapi, usikitupe utakapokuja likizo ya Desemba. Kipige picha, muulize mama kilikutwa wapi, kisha utuletee habari siku ya harambee. Hicho nacho ni mchango, na katibu ataandika jina lako.



Kamati ya Chama